Fasihi ya Kwenye Benchi: Nesi, Mgonjwa na Riwaya Zetu

Usiku wa tatu nikiwa nauguza, nilitoa Kidagaa Kimemwozea kwenye begi. Sikuichagua kwa sababu yoyote ya maana. Ndicho kitabu pekee kilichokuwa kimebaki humo, kati ya chaja na daftari la kazi, na simu ilikuwa imeshazima. Ilikuwa Aprili 2022, masika yamekolea, katika hospitali moja ndani ya wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti. Sitaitaja. Shangazi yangu alikuwa ameangushwa na kiharusi shambani, upande wa kulia wote umekufa ganzi, maneno hayatoki. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido, lile la mbao ambalo kila aliyewahi kuuguza analijua: ukilala linakuumiza mbavu, ukikaa linakuumiza mgongo.

Nikafika pale mtoto mchanga, Uhuru, anapopelekwa zahanati na wauguzi hawana habari naye. Mnaokumbuka riwaya mnajua kinachofuata: mtoto anakufa. Ndipo mlango wa wodi ukafunguliwa na sista wa zamu akatoka akiwa amekunja uso.

"We mura, si nimeshasema ndugu wakae nje? Nani kaniwekea beseni katikati ya njia? Hapa siyo gulioni!"

Nikainua beseni. Alipoondoka nikacheka peke yangu. Nikajisemea, bwana, Walibora alipita hapa.

Makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini siku hizi sicheki tena nikifika ukurasa ule.

Kwanza tumpe Walibora haki yake. Kidagaa ilitoka 2012, ikasomwa na wanafunzi wa sekondari Kenya kwa miaka kadhaa, ikavuka mpaka wa Sirari kwenye mabegi ya watu kama mimi. Sehemu ya zahanati ni kati ya zile ambazo msomaji hazisahau, na sababu yake ni jambo dogo: zahanati ile imepewa jina la Mtemi Nasaba Bora. Hapo ndipo penye akili ya riwaya. Uzembe una mwenyewe. Mtawala kajiandika ukutani, kwa hiyo kila mgonjwa anayesubiri bila kuhudumiwa ni deni la Mtemi, na yule nesi asiyejali ni mkono wa mwisho wa utawala usiojali. Mwandishi anatukasirisha na nesi, halafu anatuelekeza macho yetu yapande juu, hadi kwenye jina.

Tatizo limekuja kwa waliofuata. Wamemchukua nesi, wamemwacha Mtemi. Sikiliza maigizo ya redio, tazama filamu zetu za Bongo, soma hadithi fupi zinazotumwa mashindanoni. Nesi anatafuna bigijii. Nesi anachezea simu. Nesi anasema "ungekuja mapema" halafu anageuka. Hana watoto, hana zamu, hana miguu inayouma. Zamani alikuwa na jina la mtawala juu ya kichwa chake, leo amebaki peke yake na bigijii yake, na sisi tunamzomea kwa raha zetu. Amekuwa kama mama wa kambo wa ngano: akitokea tu, kazi ya kufikiri imekwisha.

Nikaanza kupitia upya vitabu ambavyo wengi wetu tulivisoma shule, nikitafuta swali moja tu: hospitali hii inaonwa kwa macho ya nani?

Chukua Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Mtoto Cheche anaumia vibaya. Baba yake, Amani, anaambiwa matibabu yako nje ya nchi, India. Fedha hana. Tunamfuata Amani katika mahangaiko yake yote hadi anapoishia kwenye wizi. Ni riwaya kali kuhusu nchi ambayo mnyonge anatakiwa awe mwizi ili mwanawe asimame. Lakini Cheche mwenyewe? Cheche amelala. Yeye ndiye sababu ya hadithi. Mwenye hadithi ni mwingine. Usiku wake pale kitandani, hofu ya mtoto ambaye mwili wake ghafla haumtii, riwaya haiingii huko. Inakaa nje na baba, inahesabu hela.

Chukua Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds. Furaha anaugua UKIMWI, anakufa, anaacha barua yenye orodha. Kijiji kizima kinatetemeka, kila mwanaume anaogopa jina lake. Ni ufundi mzuri sana wa jukwaani, na nilipokuwa kidato cha tatu nilishikilia pumzi. Leo ninaona kitu kingine: mgonjwa anapewa nafasi ya kusema jambo lake zito akiwa ameshazikwa. Akiwa hai na anaumwa, wengine ndio wanaosema juu yake.

Ua la Faraja ya William Mkufya ndiyo inayosogea karibu zaidi. Mle ndani wenye virusi wanafikiri, wanabishana na kifo, wanapendana. Mkufya anawaacha wawe watu wazima wenye akili timamu, na wala hawageuzi kuwa bango la tahadhari. Ndiyo maana naiona kuwa kubwa kuliko nyingi ya enzi ile. Lakini ni moja, na ina zaidi ya miaka ishirini.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Fasihi yetu ya hospitali imeandikwa kutoka kwenye benchi. Anayesimulia ni ndugu wa mgonjwa, yule aliyekaa koridoni, mwenye hasira, mwenye risiti mkononi, anayeona mlango unafunguliwa na kufungwa. Anachokiona ni cha kweli. Ila anaona mlango tu. Upande wa pili wa mlango yuko mgonjwa na yuko anayemhudumia, na kati yao kuna mambo yanayotendeka usiku kucha ambayo mwenye benchi hayajui.

Nayasema haya kwa aibu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe ni mwandishi wa kwenye benchi. Miaka miwili kabla shangazi hajaugua niliandika habari kuhusu wauguzi kulalamikiwa kwa lugha chafu. Mnaijua habari hiyo, magazeti yetu yanayo kila baada ya miezi michache. Niliongea na ndugu wanne nje ya geti. Nikampigia mkubwa mmoja, akaniambia suala hilo analifanyia kazi. Nikamaliza. Sikuzungumza na mgonjwa hata mmoja. Sikumuuliza muuguzi yeyote chochote. Habari ilisomwa sana, na mhariri alinipongeza. Nikiisoma leo naona nilichokifanya: nilinakili sura ya riwaya, nikabadilisha majina.

Sasa nirudi wodini. Usiku ule wa beseni nilikosa usingizi, nikaanza kuhesabu. Zamu ya usiku ilikuwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Vitanda nilivyoviona kupitia mlango ulioachwa wazi vilikuwa 22, na kulikuwa na magodoro chini. Kila aliposhika jambo, jambo jingine lilimwita. Dripu ya shangazi iliisha, damu ikaanza kurudi kwenye mpira, nikapiga kelele, na ilichukua muda mrefu kabla hajaja. Alipokuja alinifokea tena, kwamba ningemwambia mapema. Nilikuwa na haki ya kukasirika, na bado ninayo. Mtu asije akasoma makala hii akadhani nasema matusi wodini ni sawa kwa sababu wauguzi ni wachache. Mama anayejifungua akitukanwa, ametukanwa. Ninachosema ni kwamba hasira yangu ilikuwa nusu ya hadithi, nami niliichukulia kuwa hadithi nzima.

Hali ilipozidi tukapewa rufaa. Mgonjwa mahututi kwa watu wa kwetu maana yake ni barabara. Unashuka hadi daraja la Kirumi, unavuka Mto Mara, unafika Makutano, Bunda, Lamadi, Magu, na kila tuta la barabarani unalihesabu kwa kumtazama mgonjwa kama bado kifua kinapanda. Tulifika Mwanza alfajiri. Shangazi akaingizwa ICU, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua.

Huko benchi lipo pia, ila sheria ni nyingine. Unaingia mmoja mmoja, dakika chache, umevaa gauni la hospitali na umenawa hadi viwikoni. Ndani hakuna kelele za watu, kuna milio. Kila kitanda kina mlio wake, na baada ya siku mbili unaanza kuujua wa kwako kama unavyojua mlio wa pikipiki ya jirani.

Siku ya pili nilimkuta muuguzi kijana akimgeuza. Shangazi hana fahamu, macho yamefungwa, bomba mdomoni. Na yule binti anaongea naye. "Mama, sasa nakulaza upande wa kushoto. Nashika bega lako. Samahani, mkono wangu wa baridi." Halafu akanigeukia mimi. "Kwenu anaitwaje? Siyo jina la kwenye faili. Mnamwitaje?" Nikamwambia. Akauliza Kikurya cha kumwambia mtu aamke, nikamfundisha, akakitamka vibaya kabisa, akacheka mwenyewe, akakirudia sikioni mwa shangazi.

Mimi ni mtu wa maneno, nalipwa kwa ajili ya maneno, na siku hizo zote sikuwa nimemsemesha shangazi hata neno moja. Nilikuwa nimesema juu yake, kwa madaktari, kwa ndugu, kwenye simu. Hakuna aliyenifundisha, wala hakuna kitabu chetu nilichokumbuka ambamo mtu anamsemesha mgonjwa asiyejibu.

Alikaa siku tisa. Akatoka. Leo anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia haujarudi, na maneno yamerudi polepole, moja moja. Na yaliporudi, alikuwa na mashtaka. Nilidhani atamshtaki yule sista wa wilayani. Alitushtaki sisi.

"Yule binti wa usiku alikuwa na mdomo," alisema, "lakini alinibadilisha shuka mara mbili na hakuziba pua. Nyie mlisimama miguuni kwangu mkigawana ng'ombe zangu."

Ilikuwa kweli. Ndugu tulisimama pale na tukaongea, kwa sauti ya chini, kama watu wenye adabu. Nani atasimamia ng'ombe. Azikwe wapi, kwa mume wake au kwao. Tulijua hasikii. Alisikia, si yote, ila ya kutosha.

Florence Nightingale aliliandika jambo hili mwaka 1859 katika Notes on Nursing. Kuna sura nzima juu ya kelele, na humo anawalaani watu wanaonong'ona karibu na mgonjwa, akisema mnong'ono unamuumiza mgonjwa kuliko sauti ya wazi, maana analazimika kuufuatilia. Wauguzi wetu huadhimisha siku ya kuzaliwa kwake, 12 Mei, na sisi tunaliona tukio lile kuwa habari ya maandamano na fulana. Kumbe mama yule alikuwa mhakiki mzuri tu: alijua kwamba mgonjwa ni msikilizaji.

Na Tolstoy alilijua. Katika Kifo cha Ivan Ilyich, kilichotoka 1886, bwana mkubwa anakufa polepole huku familia na madaktari wakimdanganya kwamba atapona. Mtu pekee anayempa nafuu ni Gerasim, kijana mtumishi, anayemwaga uchafu wake bila kukunja uso na kumshikilia miguu juu ya mabega usiku kucha kwa sababu hapo maumivu yanapungua. Tolstoy anaingia ndani ya mlango. Anakaa na mgonjwa, anaona kutoka kitandani, na kutoka kitandani watu wanaoheshimika wanaonekana wadogo, na anayeshika miguu anaonekana mkubwa. Nilipokisoma tena baada ya Mwanza, nilimkumbuka yule mhudumu wa wilayani, yule wa pili wa zamu, ambaye sikumtaja hadi sasa kwa sababu hata mimi nilikuwa nimemsahau. Alikuwa akipita na ndoo. Shangazi anamkumbuka. Anasema alikuwa akimpangusa uso kila alipopita.

Sasa nirudi kwa Walibora, maana siwezi kuandika makala hii bila kusema hili. Tarehe 10 Aprili 2020 aligongwa na gari Nairobi, akapelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akafariki. Familia na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa kabla ya kumkuta kwenye chumba cha maiti cha hospitali hiyo hiyo. Mwandishi wa Siku Njema, mtangazaji ambaye sura na sauti yake vilijulikana sebuleni kwa mamilioni, alilala hospitali kama mtu asiye na jina. Sitaki kulitumia tukio hilo kutoa hukumu. Lakini kila nikifikiria saa zile za mwisho, maswali yangu si yale ya benchi. Najiuliza alisikia nini. Najiuliza kama kuna mtu alimsemesha, kama kuna mkono uliomwambia samahani, mimi ni wa baridi. Natumaini kuna nesi ambaye hakumjua ni nani na akamtendea kama mtu. Kidagaa haikuwa na nesi wa namna hiyo, wala haikuwa na wajibu wa kuwa naye. Fasihi nzima inao.

Na malighafi ipo. Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali ya pale, ambayo hadi 2007 ilikuwa ndani ya wilaya ya Tarime kabla Rorya haijamegwa, imelaza vizazi vya watu wetu na kusomesha wauguzi. Mugumu kuna hospitali teule yenye jina la Nyerere. Mwaka 2018 Giselle Portenier alitoa filamu yake, In the Name of Your Daughter, kuhusu wasichana wa Serengeti wanaokimbia kukeketwa msimu wa Desemba na kupata hifadhi kwenye nyumba salama Mugumu. Ni filamu ya kuheshimiwa, na inaumiza kidogo kwamba mgeni ndiye aliyekuja na kamera. Nilipokuwa naripoti habari hizo Tarime, walionieleza bila kuremba jinsi msichana anavyofika akivuja damu, saa nane za usiku, amefungwa kanga, walikuwa wakunga. Hawakuniambia takwimu. Waliniambia msichana alisema nini na wao walijibu nini. Mazungumzo hayo ni riwaya. Sisi tumeyaacha kwenye madaftari ya zamu.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaoandika, na humu ndani najua mpo: msimwondoe nesi mkali. Mwacheni afoke. Ila mfuateni akishafoka, muone anakwenda kwenye kitanda cha nani. Mrudishieni jina la Mtemi juu ya mlango, ili tujue zamu ile iliachiwa mtu mmoja na nani. Na kabla hamjafa na mgonjwa wenu kwenye ukurasa wa mwisho, mlazeni hai kurasa kumi, macho yamefumba, mkiandika anachosikia tu.

Juzi nilimsomea shangazi ile sehemu ya zahanati. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto. "Ameandika vizuri," alisema. "Mtoto kaniuma." Akanyamaza. Halafu, neno moja moja, akauliza: "Huyo nesi, walimwachia wagonjwa wangapi?"

Nikapekua kitabu pale pale. Sikupata jibu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba sikuwahi kulitafuta.

Tumeanza kurekodi kumbukumbu zake, dakika kumi kila jioni, maana anachoka haraka. Hataki nimwite shujaa. Anataka niandike habari ya yule wa ndoo, na binti wa Mwanza na Kikurya chake kibovu, na ndugu kwa majina yao wote, na ng'ombe idadi yao. Anataka pia niandike kwamba uji wa wilayani ulikuwa wa baridi.

Nimeandika.